Ngeli za Fedha: Uainishaji wa Ukata katika Makumbusho ya Hisani

Wanasarufi wa Kiswahili wamegombana kwa miaka mingi juu ya idadi ya ngeli. Wapo waliofuata mkondo wa Carl Meinhof, Mjerumani aliyezipa ngeli za Kibantu namba kama mtu anayehesabu magunia bandarini, na wapo wanaozitaja kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA na nduguze. Ugomvi huo sina nia ya kuuingilia. Ninachodai ni kwamba pande zote mbili zimefanya kosa moja la utafiti: hakuna aliyekwenda kukaa katika kikao cha kamati ya fedha ya makumbusho ya hisani. Angekwenda, angegundua kwamba mfumo wa ngeli, unaowaliza wanafunzi wa sekondari kila mwaka, uliumbwa mahsusi ili kueleza kwa nini taasisi yenye mali ya mabilioni inaweza kukosa pesa ya balbu.

Kwa makumbusho ya hisani nakusudia yale ambayo si ya serikali wala ya mfanyabiashara. Yako mikononi mwa bodi ya wadhamini, hayagawi faida kwa mtu, na huishi kwa viingilio, michango, wakfu na dua. Nadharia yangu ni nyepesi: shilingi ya makumbusho haiwi shilingi tu. Kila moja ina ngeli yake, na afya ya mfuko hupimwa kwa upatanisho wa kisarufi kabla ya kupimwa kwa ile jumla iliyopigiwa mistari miwili chini ya ukurasa.

Tuanze na jina lenyewe. Neno makumbusho halina umoja unaotumika. Hakuna anayesema "kumbusho lile pale" akionyesha jengo kwa kidole. Ni makumbusho haya, hata yakiwa chumba kimoja chenye mtumbwi uliopasuka na picha ya gavana. Tunayapatanisha kwa YA-YA, pamoja na maji, mafuta, marashi na mauti. Humo humo tumeweka mapato na matumizi, na hapo ndipo homa inapoanzia. Mweka hazina anasimama na kusema, "Mapato yameongezeka." Mwaka unaofuata anasema, "Matumizi yameongezeka." Deni nalo, ambalo likiwa peke yake ni mwana wa LI-YA na hutambulika kwa urahisi, likishapata wenzake hujipenyeza kwenye foleni hiyo hiyo: "Madeni yameongezeka." Mjumbe aliyekaa nyuma, chini ya feni, ambaye masikio yake saa nane mchana hushika viambishi tu, anasikia kwamba kuna kitu kimeongezeka. Anapiga makofi. Nimewahi kuwa mjumbe huyo.

Ngeli ya U-I ndiyo ya miti, na watu wa pwani hawahitaji kufundishwa thamani yake. Mtu anaweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti. Nazi zinaangushwa na kuuzwa, fedha inanunua mikeka na kuziba paa, lakini mnazi haukatwi wala hauuzwi, hata mjukuu wa aliyeuweka akija na karatasi. Makumbusho makubwa ya Marekani yanafanya hivyo hivyo, ila minazi yao ni hisa na dhamana, na kwa kawaida hujiruhusu kula asilimia 4 au 5 ya thamani yake kwa mwaka. Balaa la kisarufi ni kwamba mnazi umewekwa ngeli moja na mradi. Mradi nao unasimama, una matawi, hata hupigwa picha ukizinduliwa. Tofauti ni kwamba umepandwa na mfadhili kwa miaka 3, na mwaka wa 4 utakuta kisiki, gari moja bovu lenye nembo mlangoni, na fulana. Mtafiti anayetaka kujua afya ya makumbusho yoyote ya hisani asihangaike na ripoti nzima. Aulize mingapi kati ya hiyo inayosimama ni minazi na mingapi ni miradi.

Sasa niingie kwenye ngeli iliyonigharimu shilingi elfu kumi zangu mwenyewe.

PA-KU-MU, tulifundishwa, ni ngeli ya mahali. PA ni mahali mahususi unapoweza kupagusa, KU ni mahali pa jumla kusikoonekana mipaka, MU ni ndani. Walimu wetu walitoa mifano ya nyumbani, shuleni na sokoni. Mfano sahihi ulikuwa akaunti ya benki ya shirika la hisani. Fedha huru, ambayo wadhamini wanaweza kuitumia kwa lolote lililo ndani ya lengo la taasisi, ni ya PA: ipo. Fedha iliyoahidiwa ni ya KU: iko kule, kuna barua pepe, mkurugenzi wa mfadhili yuko likizo, itakuja. Na fedha yenye masharti, iliyotolewa kwa kazi moja iliyotajwa kwa jina, ni ya MU.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya fedha ya makumbusho madogo ya pwani, ambayo jina lake nalihifadhi kwa sababu wenzangu wa wakati ule bado wananisalimia. Mfadhili mmoja alitupa fedha ya skrini kubwa ya kugusa, ya kuonyesha njia za majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Skrini ikaja, ikafungwa ukutani, ikavishwa kanga isiingie vumbi. Taarifa ya benki ya mwezi ule ilikuwa na salio ambalo hatukuwahi kuliona tangu makumbusho yafunguliwe. Siku ya tatu umeme ukakatika. Mgao haukuwa na hatia. Umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, ulikuwa umeisha.

"Mama, si tuna fedha benki?" nilimuuliza mhasibu wetu.

"Tunazo, baba."

"Zipo?"

"Zimo."

"Basi toa elfu hamsini tununue umeme."

Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyeomba maji ya birika la msikiti akaoshee baiskeli. "Hizo ni za skrini. Zikigusa LUKU, mkaguzi atatuuliza."

"Lakini mama, skrini inatumia umeme."

"Mkataba umesema skrini. Haukusema kuwasha."

Mfadhili alikuwa anakuja Alhamisi. Tulichangishana pale pale kwenye veranda, mimi elfu kumi, mwenyekiti elfu ishirini, mlinzi mia tano ambayo tulimrudishia. Skrini iliwaka dakika arobaini. Mgeni aligusa jahazi, jahazi likaondoka Maskat likafika Lamu, akapiga picha, akatuandikia barua nzuri ya shukrani. Jioni tukairudishia kanga yake.

Nimelifikiria jibu la mama yule mara nyingi. Mimi niliuliza zipo, yeye akanisahihisha zimo, na katika badiliko hilo la silabi moja kulikuwa na sheria nzima ya fedha za hisani. Hata Uingereza, ambako vitabu vya hesabu za hisani ni vinene kuliko msahafu wa chuoni, mdhamini anayechukua fedha ya kazi moja akaipeleka kwenye kazi nyingine amevunja amana, hata kama hakula senti moja na kazi ya pili ilikuwa ya haraka zaidi. Ndiyo maana unaweza kusoma hesabu za makumbusho, ukaona mamilioni, ukaandika kwenye gazeti kwamba wana hela hawa, wanalialia tu. Umesoma zipo. Wao wameandika zimo.

(Ngeli ya KU, ile ya vitenzi-jina, isichanganywe na KU ya mahali. Yenyewe ina kuomba, kuchangisha, kuandika andiko, kusubiri, kukumbushia. Haina wingi na haina mwisho. Katika makumbusho madogo ndiyo kazi ya msingi ya mkurugenzi, na vitu vya kale huangaliwa muda ukibaki.)

Ngeli ya KI-VI ni ya vitu, na mtu angedhani humo makumbusho yako nyumbani. Kwanza kuna kiingilio. Makumbusho ya taifa ya Uingereza yaliyokuwa yakitoza yalifuta viingilio vya mkusanyiko wa kudumu mwezi Desemba 2001, na serikali ndiyo inayofidia. Makumbusho ya Metropolitan ya New York, ambayo kwa miongo mingi yalimwachia mgeni alipe anachotaka, yalianza Machi 2018 kuwadai watu wazima kutoka nje ya jimbo dola 25, na baadaye 30. Kisha kuna kisanduku cha michango. Nimekifanyia utafiti wa macho katika nchi kadhaa. Kinatengenezwa kwa kioo ili mgeni aone wenzake wametoa, na mtunzaji mwenye akili hutanguliza noti kubwa asubuhi, kama kuku anayewekewa yai la kudanganyia ili atage.

Lakini kitu chenyewe, kile kilichotuleta, kina tabia ya ajabu. Kanuni za uhasibu za Marekani zinaruhusu makumbusho kutouingiza mkusanyiko wake kwenye mizania, mradi unatunzwa kwa ajili ya umma na fedha ya kitu kitakachouzwa irudi kwenye mkusanyiko. Kwa hiyo viti vya ofisini vimo kwenye hesabu, kompyuta zimo, feni imo. Mchoro wa miaka mia nne haumo. Ni sawa na kumhesabia bibi harusi viatu na mkoba, yeye mwenyewe ukamwacha nje ya orodha. Si upuuzi. Kitu ambacho hukuruhusiwa kukila huwezi kukihesabu kama akiba, na waliotunga kanuni walijua kwamba kikishaandikwa bei, kuna siku mtu ataisoma.

Huko Detroit waliisoma. Mji ulipotangaza kufilisika Julai 2013, na madeni ya takriban dola bilioni 18, wadai waligeuza macho kuelekea Detroit Institute of Arts, kwa kuwa mkusanyiko ulikuwa mali ya mji ingawa shirika la hisani ndilo lililoyaendesha makumbusho. Nyumba ya mnada ya Christie's ikaitwa. Ikazipitia kazi zilizonunuliwa kwa fedha ya mji, ikasema zina thamani ya kati ya dola milioni 454 na 867. Peke yake, "Ngoma ya Harusi", picha ya mchoraji Bruegel, iliyonunuliwa mwaka 1930, ilikadiriwa kati ya milioni 100 na 200. Umati wa wanakijiji wanene wanacheza humo tangu karne ya 16 na hakuna hata mmoja aliyesimama kusikiliza bei yake. Mwishowe taasisi za hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe walikusanya ahadi za takriban dola milioni 816 za miaka mingi, fedha ikaelekezwa kupunguza makato ya pensheni za watumishi wa mji, na mkusanyiko ukahamishwa kutoka kwa mji ukawa wa shirika la hisani. Msomaji ashike neno pensheni. Litarudi.

LI-YA nitaipitia haraka, kwa kuwa jengo na deni ni ndugu wa ziwa moja na habari zao zinafanana. American Folk Art Museum ilifungua jengo jipya New York mwishoni mwa 2001, jirani na makumbusho ya sanaa ya kisasa ya MoMA, kwa mkopo wa hati fungani wa dola milioni 32 hivi. Jengo lilisifiwa na wasanifu. Wageni hawakufika kwa idadi iliyoandikwa kwenye makadirio, malipo yakashindikana, na mwaka 2011 jengo likauzwa kwa MoMA kwa bei iliyokaribia deni. Mwaka 2014 MoMA ilianza kulibomoa. Jengo lilipatikana pamoja na deni lake, yakaondoka pamoja, kama inavyotakiwa na upatanisho.

I-ZI ina fedha, bima na ripoti, maneno yasiyobadilika yakiwa moja au mia, jambo linalowafaa sana wenyeviti. Ukata ni wa U, hauna wingi. Makumbusho kumi yenye ukata yana ukata ule ule.

Imebaki A-WA, ngeli ya wenye roho. Wamo wageni, wafadhili, wadhamini, watunzaji. Wamo pia mchwa, nondo na panya, ambao ndio wanaotembelea makumbusho kwa uaminifu zaidi na hawajawahi kulipa kiingilio. Waliotunga methali ya kwamba akiba haiozi hawakuwahi kufungua kabati la majoho ya sufu wakati wa masika. Lakini mkazi hatari kuliko wote wa ngeli hii hana mwili. Ni yule ambaye wanasheria humwita mtu wa kisheria, na kisa chake kilitokea katika kijiji cha Barlaston, karibu na Stoke-on-Trent, Uingereza.

Josiah Wedgwood alianza kiwanda chake cha vyombo vya udongo mwaka 1759. Alikuwa mtu wa kuhifadhi ushahidi: kati ya mali zilizobaki ni trei za vipande vidogo vya majaribio ya udongo na rangi, kila kimoja na namba yake, maelfu, ukubwa wa biskuti, vya samawati, kijani na zambarau. Imo pia medali ya mwaka 1787 ya mtumwa aliyepiga magoti na minyororo mikononi, iliyovaliwa na wapinzani wa biashara ya utumwa. Makumbusho yalianza 1906. Mkusanyiko ulikuwa chini ya mfuko wa wadhamini, mbali na kampuni, kama mama anavyoficha dhahabu zake kwa dada yake ili mume akifilisika wasizikute. Mwaka 2008 yakahamia jengo jipya. Mwaka 2009 yakashinda tuzo ya makumbusho bora ya Uingereza, ya pauni 100,000. Kwa kipimo chochote cha kamati ya fedha, mgonjwa alikuwa anapumua vizuri.

Mwezi Januari mwaka huo huo, kampuni mama, Waterford Wedgwood, ilikuwa imeanguka. Mfuko wake wa pensheni ulikuwa na pengo la pauni milioni 134. Na katika mfuko huo, pamoja na maelfu ya wafanyakazi wa viwandani, walikuwemo watumishi 5 wa makumbusho.

Watano. Kanuni za mifuko ya namna hiyo zinasema waajiri wote walio ndani wanabeba mzigo pamoja, na wengine wakifilisika, anayebaki anabeba wote. Waingereza humwita mtu wa mwisho kubaki. Mama yeyote aliyewahi kukopa kwa kikundi hahitaji wakili kumwelezea: wenzako wakihama usiku na masufuria yao, afisa mikopo anagonga kwako, na haulizi wewe ulichukua kiasi gani. Tazama basi kilichotokea kisarufi. Makumbusho yalikuwa ya YA-YA, yametulia na wageni wake na trei zake. Sheria ikayachomoa humo, ikayaweka kwenye A-WA, ikayaita mtu, tena mtu wa mwisho. Mtu hudaiwa. Mwaka 2010 yakawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi, na mwezi Desemba 2011 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vyombo vile, ambavyo kila mdhamini aliamini vimo, kumbe vipo. Vingeweza kuuzwa kulipa deni.

Natamani mhasibu wetu angekuwa mahakamani siku ile. Hoja yote ilikuwa ya kwake: je, mkusanyiko umefungwa kwa amana, usioguswa na wadai, au ni mali ya kawaida ya taasisi, kama viti? Jaji aliona nyaraka hazikuufunga ipasavyo. Nia ilikuwepo, kila mtu aliijua nia, lakini nia haikuandikwa kwa namna ambayo ingemzuia mdai mwenye barua. Huku kwetu mzee anasema mbele ya majirani wawili kwamba shamba lile ni la msikiti, anakufa, na wajukuu wanaanza kutafutana. Huko majirani walikuwa wengi zaidi, na wote walikuwa tayari kushuhudia.

Septemba 2014 shirika la hisani la Art Fund likatangaza mchango wa wazi. Zilihitajika pauni milioni 15.75, nyingi zikiwa zimeshaahidiwa na mifuko mikubwa, na sehemu iliyobaki ikaachiwa wananchi. Ilipatikana kwa mwezi mmoja hivi. Mkusanyiko ukanunuliwa kutoka kwa wasimamizi wa ufilisi, yaani makumbusho ya hisani yalichangiwa ili kununua vyombo vyake yenyewe kwa sababu ya pensheni za watu wengine, na hapo ndipo mjumbe yule wa chini ya feni angepaswa kuamka. Kisha ukatolewa zawadi kwa makumbusho ya V&A ya London, na V&A ikauacha Barlaston kwa mkopo.

Vyombo basi havikuhamia mnadani wala London. Trei ni zile zile, namba nyuma ya vipande ni zile zile. Vilikuwa vyombo vya makumbusho, vikawa vyombo vya wadai, sasa ni vyombo vya V&A. Miaka minne ya mawakili ilikuwa ni kugombea neno linalofuata vya.